Mpigapicha wa Mowbray na Nyotamkia ya 1882: Mchango wa Watu wa Ridhaa katika Falaki ya Kusini mwa Afrika

Makala haya yanachunguza tukio la historia ya falaki barani Afrika ambalo aghalabu husimuliwa kama ushindi wa mtu mmoja. Hoja yake ni kwamba picha za nyotamkia kubwa ya mwaka 1882, zilizopigwa Rasi ya Tumaini Jema, zilitegemea ujuzi wa watu walio nje ya taaluma ya falaki.

Alfajiri ya tarehe 8 Septemba 1882, W. H. Finlay, msaidizi katika Kituo cha Kifalme cha Uangalizi wa Anga karibu na Cape Town, aliiona nyotamkia hiyo. Mwangaza wake ulizidi siku hadi siku. Ilipofika tarehe 17 ilionekana mchana kweupe kando ya jua, na Finlay na mwenzake Elkin waliifuata kwa darubini hadi ikatoweka kwenye ukingo wa jua lenyewe.

Majuma machache baadaye mkurugenzi wa kituo, David Gill, alipata habari kwamba wapigapicha wa eneo hilo wameinasa kwa kamera za kawaida. Picha hizo hazikufaa kwa vipimo: dunia huzunguka ilhali kamera imesimama, hivyo taswira ya nyota huburutika ikawa mstari. Hata hivyo zilithibitisha kwamba mwanga wa nyotamkia ulitosha kuacha alama. Gill, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa saa huko Aberdeen na mpenzi wa falaki kabla ya kuajiriwa kwa kazi hiyo, hakuzibeza. Alimwendea Allis, mpigapicha wa kijiji jirani cha Mowbray.

Allis alileta kamera, lenzi ya kupigia picha za watu yenye upana wa inchi 2.5 tu, na uzoefu wa kusafisha picha za mabamba makavu ya kioo yaliyopakwa jelatini. Mabamba ya zamani yalitumika yakiwa mabichi na kukauka baada ya dakika chache. Haya yaliweza kupokea mwanga kwa zaidi ya saa nzima. Kamera ilifungwa kwenye darubini iliyoendeshwa na mtambo wa saa, naye Gill akichungulia na kuirekebisha ili ifuate nyotamkia. Picha zilipigwa Oktoba na Novemba.

Kilichowashangaza wataalamu kilikuwa nyuma ya mkia: nyota nyingi, zikiwemo hafifu, zilizojichora zenyewe juu ya kioo. Gill alitambua kwamba ramani ya anga ingeweza kutengenezwa kwa kamera. Kuanzia 1885 anga ya kusini ilipigwa picha kwa utaratibu, na J. C. Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, akajitolea kupima mabamba hayo. Orodha yao, iliyochapishwa kati ya 1896 na 1900, ina nyota 454,875. Ruzuku ya Royal Society ilipokatizwa njiani, Gill aligharimia kazi kwa fedha zake. Jambo hili watunga sera wa leo watalitambua bila maelezo.

Inafaa kulinganisha na Uingereza. Mnamo Septemba 1858 mpigapicha William Usherwood aliinasa nyotamkia ya Donati kwa lenzi ya aina hiyohiyo, katika sekunde saba, akiwatangulia wanafalaki wa Harvard kwa usiku mmoja. Bamba lake limepotea. Tofauti kati yake na Allis haikuwa ya kipaji. Allis alipata taasisi iliyompa darubini ya kufungia kamera, mahali pa kuhifadhia mabamba, na mkurugenzi aliyetaja jina lake katika taarifa.

Kwa taasisi za ukanda wetu zinazopokea picha za anga kutoka kwa watazamaji wa ridhaa, swali la kwanza basi si la ununuzi wa darubini. Ni nani anayepokea picha hizo, anaandika saa na mahali zilipopigwa, na kwa jina la nani zinaingizwa katika daftari.