Siku ya mechi katika uga mdogo wa Uingereza

KWA mashabiki wengi wa kandanda humu nchini, soka ya Uingereza ni Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea, nayo hutazamwa katika runinga za baa na vibanda vya video mitaani. Wachache hujua kwamba Jumamosi alasiri mashabiki wa nchi hiyo yenyewe hawaonyeshwi mechi moja kwa moja kwenye runinga. Marufuku hiyo, iliyoanza miaka ya 1960, hudumu kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo. Lengo lake ni kuzuia watu wasibaki nyumbani wakitazama timu kubwa na kuviacha vilabu vidogo bila watazamaji. Hivyo mkazi wa Kawangware huweza kuona mechi ambayo mkazi wa London anayeishi karibu na uwanja unapochezewa hawezi kuiona bila tiketi.

Vilabu hivyo vinavyolindwa ndivyo vya soka iitwayo “isiyo ya Ligi”. Jina hilo linatokana na Football League, iliyoundwa mwaka wa 1888. Leo Ligi Kuu na madaraja matatu yaliyo chini yake yana vilabu 92. Kila klabu iliyo nje ya hivyo, hata kama inalipa wachezaji mishahara, huhesabiwa kuwa isiyo ya Ligi. Ngazi ya tano ni National League. Ya sita imegawanywa Kaskazini na Kusini, kisha mti huo unazidi kutanua matawi hadi timu za vijijini. Tangu msimu wa 1986/87, ambapo Scarborough ilikuwa ya kwanza kufaidika, bingwa wa ngazi ya tano hupanda daraja bila kupigiwa kura na wakubwa.

Huko ndiko alikotokea Jamie Vardy, aliyeichezea Stocksbridge Park Steels kabla ya kununuliwa na Leicester City mwaka wa 2012 kutoka Fleetwood Town na kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka wa 2016. Jonah Ayunga, mshambulizi mzaliwa wa Uingereza aliyevalia jezi ya Harambee Stars, naye alipitia viwanja vya namna hiyo, vikiwemo vya Dorchester Town na Havant & Waterlooville.

Msomaji atakayejipata London kwa masomo, kazi au matembezi, na asiweze kumudu bei za Ligi Kuu, hana budi kuujua uga wa Champion Hill ulioko kusini mwa jiji. Ni nyumbani kwa Dulwich Hamlet, klabu iliyoasisiwa mwaka wa 1893 na inayovalia rangi ya waridi na buluu iliyokoza. Kutoka stesheni ya London Bridge, garimoshi hufika East Dulwich kwa muda wa robo saa hivi, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi langoni.

Njia ya kuingilia uwanjani imepewa jina la Edgar Kail, na kila mgeni anafaa kujua sababu. Kail alikuwa mshambulizi wa ridhaa. Alicheza bila mshahara na hakukubali kuihama Hamlet. Mnamo Mei 1929 aliichezea timu ya taifa ya Uingereza mechi tatu, dhidi ya Ufaransa, Ubelgiji na Uhispania, akafunga mabao mawili katika ile ya kwanza. Enzi hizo Hamlet ilikuwa klabu ya kuogopwa: ilishinda Kombe la FA la Ridhaa mwaka wa 1920, 1932, 1934 na 1937. Mnamo 1933 uga huo ulijaza watu 20,744 waliofika kuona fainali ya kombe hilo, ingawa Hamlet yenyewe haikuwa ikicheza. Katika Olimpiki za 1948, Korea Kusini iliishinda Mexico 5-3 papo hapo.

Asiyeambiwa hayo hawezi kuyakisia akiutazama uwanja wa leo. Ule wa zamani ulibomolewa, duka kubwa likajengwa katika sehemu ya ardhi yake, na uliopo sasa, wenye jukwaa moja kuu na nafasi ya watu wapatao 3,000, ulifunguliwa mwaka wa 1992.

Ardhi hiyo ilikaribia kuiangamiza klabu. London ni jiji ambalo kipande cha uwanja huwatia mate wajenzi wa nyumba, jambo ambalo mkazi wa Nairobi halihitaji kufafanuliwa. Mnamo Machi 2018, baada ya mvutano na kampuni iliyomiliki uga huo, Hamlet ilifungiwa nje ya Champion Hill. Ikaarifiwa pia kwamba jina lake lilikuwa limesajiliwa na kampuni nyingine kama alama ya biashara. Fikiria Gor Mahia ikiambiwa isijiite Gor Mahia! Mashabiki waliandamana barabarani, wanasiasa wakaingilia kati, na timu ikahamia uwanja wa wapinzani wake wa kale, Tooting & Mitcham. Ikiwa ugenini hivyo, iliilaza Hendon kwa mikwaju ya penalti mwezi wa Mei na kupanda hadi ngazi ya sita. Ilirejea nyumbani Desemba mwaka uo huo. Baadaye, mwaka wa 2023, ilishushwa tena hadi ngazi ya saba, lakini watu hawakuacha kuja.

Kuhusu safari yenyewe, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mechi ipo. Viwanja vya nyasi asilia vya ngazi hizi hujaa maji majira ya baridi, na refa huweza kuvikagua asubuhi na kuahirisha mchuano saa chache kabla ya kuanza. Mechi nyingi huchezwa Jumamosi saa tisa alasiri. Za katikati ya wiki huwa Jumanne usiku. Kiingilio katika ngazi ya saba mara nyingi huwa kati ya pauni 10 na 15, na watoto hulipa kidogo sana. Mzee aliye langoni, muuza kijarida cha mechi na mama anayeuza tiketi za bahati nasibu kwa kawaida ni watu wa kujitolea. Ukiwauliza swali moja watakujibu matatu.

Valia mavazi mazito. Baridi ya Januari ukiwa umesimama juu ya saruji haina mzaha, na ndiyo maana wengi hushika kikombe cha chai au cha Bovril, kinywaji cha moto kilicho kama mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe. Kwa maoni yangu, kinywaji hicho kinafaa zaidi kupasha mikono kuliko kunywewa. Wapenda bia wana uhuru wasioupata katika viwanja vikubwa: sheria ya 1985 hukataza kunywa pombe mahali panapoonekana uwanja katika ngazi tano za juu, lakini kuanzia ya sita kwenda chini shabiki huruhusiwa kuishika glasi yake kando ya uzio.

Desturi itakayomshangaza mgeni ni ile ya kuhama upande. Kwa kuwa mashabiki wa timu mbili hawatenganishwi katika mechi nyingi, kila kundi husimama nyuma ya lango ambalo timu yake inalishambulia. Kipindi cha kwanza kikiisha, makundi hayo hupishana, bendera begani, kila moja likielekea upande wa pili. Huo ndio wakati wa kutaniana.

Utani una mipaka yake. Kipa aliye hatua tatu mbele yako husikia kila neno, na si kila mtu hutamka maneno mema. Mnamo Oktoba 2019, wachezaji wa Haringey Borough ya kaskazini mwa London waliondoka uwanjani katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Yeovil Town baada ya kipa wao Valery Douglas Pajetat kutusiwa kwa misingi ya rangi. Mechi ilirudiwa na Yeovil ikashinda 3-0. Ukisikia matusi ya aina hiyo, mwarifu msimamizi aliyevaa koti la kung'aa bila kungoja kipenga cha mwisho.

Kipenga hicho kikilia, usikimbilie stesheni. Katika baa ya klabu, wachezaji huoga na kuja kula sahani ya chakula meza moja na waliokuwa wakiwazomea, na wengi wao Jumatatu watarudi kwenye kazi zao za kawaida.