Mlango Uliozibwa: Nyumba ya Vyumba Sita Kilosa

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, iliyotungwa 1964, ina mwaka wake: 1863. Jengo lililosimama kabla ya mwaka huo linahesabika kuwa la kale na linalindwa. Lililojengwa baadaye linasubiri waziri alitangaze. Kwa Kilwa Kisiwani hakuna shida. Lakini zile nyumba za miti na udongo walizojenga watu wa kawaida kati ya vita kuu mbili, nani atampelekea waziri habari zake?

Ukiwa Kilosa mjini, acha maduka ya katikati uende pembezoni, utaiona nyumba ninayoisema. Baraza mbele, mlango katikati. Ukiingia, ukumbi umenyooka mpaka uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Jiko na choo viko uani. Hii ndiyo nyumba ya Kiswahili, ile ile ya Kariakoo ya zamani, ya Ujiji, hata ya Pumwani kule Nairobi. Ilitoka pwani ikafuata njia ya misafara, halafu ikafuata reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914.

Ya kwetu aliijenga babu wa mama yangu, Mvidunda aliyeshuka milimani kutafuta kazi kwenye mkonge. Wazee wanasema ilikuwa kabla ya vita ya Hitler.

Kwa nini mtu aache milima yenye maji na chakula aje kukata mkonge? Kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba 1898, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria yao ya 1922, kodi ya nyumba na ya kichwa. Ukiwa na kibanda unadaiwa, na mdai anataka sarafu, hataki mahindi. Milimani mahindi yalikuwepo, sarafu ndiyo ilikuwa adimu. Basi nyumba ya mlimani ndiyo iliyomtoa babu mlimani. Alipofika mjini akajenga nyingine, na hii ikawa inamwingizia hela: vyumba vitatu vya familia, vitatu vya wapangaji. Ukiangalia vyumba hivyo sita unaona jinsi mtu aliyekuwa analipa kwa sababu ya nyumba alivyojipanga ili nyumba imlipe yeye.

Kuna jambo jingine ambalo ramani ya nyumba hii inalisema. Sisi Wavidunda, kama majirani zetu Wasagara, Wakaguru na Waluguru, ukoo tunauhesabu kwa mama. Kwa mila hiyo watoto wa mwanamume ni wa ukoo wa mama yao, na wa kwake yeye ni wapwa zake, watoto wa dada. Kwa ardhi ya milimani jambo hilo lilieleweka. Lakini nyumba ya mjini iliyojengwa kwa mshahara ni ya nani? Ya watoto au ya wapwa?

Babu hakuacha karatasi. Aliacha chumba. Chumba cha kwanza kulia kilikuwa cha dada yake, na kilikuwa na mlango wake wa ubavuni, ili aingie na kutoka bila kupita mbele ya wifi yake kama mgeni. Mlango huo ulizibwa zamani. Ila ukipitisha mkono ukutani unausikia: udongo wa pale ni mwingine, na kizingiti bado kipo chini.

Tunapozungumzia kuhifadhi nyumba ndogo, kawaida tunaanza na jina kubwa. Nyumba ya Mwalimu Nyerere Magomeni ni makumbusho kwa sababu ya Mwalimu. Tembe la Kwihara, Tabora, limehifadhiwa kwa sababu Livingstone alikaa pale. Hata Uingereza ni hivyo hivyo: nyumba ya kawaida ya pembezoni mwa Liverpool, iliyojengwa 1933, leo inalipiwa kiingilio kwa vile John Lennon alilelewa humo. Ya kwetu haina staa. Thamani yake iko kwenye mpango wa vyumba, na mpango huo unaeleza maisha ya maelfu ya familia zilizoshuka milimani bila kuandika barua hata moja.

Sasa wajomba wanataka kuivunja wajenge fremu za maduka. Siwalaumu. Bati linavuja, mchwa wameshafika kwenye boriti, na tangu treni ya SGR ianze kupita Kilosa 2024, kila mwenye kiwanja anapiga hesabu. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwanzoni mwa 2010 nayo yalishatufundisha kwamba udongo hauna ubishi na maji.

Lakini nyumba ya udongo haijawahi kuishi kwa kubaki na udongo ule ule. Inakandikwa upya, nguzo inabadilishwa, nyasi zinapisha bati. Kinachobaki ni mpangilio. Ndiyo maana sioni dhambi kuweka tofali la kuchoma mahali pa fito, ukumbi ukabaki ukumbi na chumba cha dada kikabaki pale kilipo. Fremu haina ukumbi. Ina shata linalotazama barabara, basi.

Kikao cha familia kimeitishwa. Kwenye orodha ya walioalikwa nimehesabu watoto na wajukuu wa babu tu. Uzao wa dada yake, wengi wao wakiishi Kidodi na juu Vidunda, haumo. Kwa mila ya babu, hao ndio wangekaa mbele. Nyumba ikivunjwa kabla hawajaja, ushahidi pekee walio nao unaondoka na kifusi.

Nitakwenda na futi kamba na daftari. Nitapima kila chumba, nichore, niandike nani alilala wapi kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Na kabla ya hoja ya fremu kufunguliwa, nitaomba kikao kiahirishwe mpaka watu wa Kidodi na Vidunda waitwe.