Kufundisha lugha za kigeni kwa redio na telefone: mambo ya kujua

Kule Beni na Butembo, wafanyabiashara wengi wanapitia Kasindi kuingia Uganda. Wengine wanafika mpaka Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Kila mara wanakuta Kiingereza kinawangojea njiani. Lugha hiyo inafundishwa katika shule za sekondari nchini Kongo. Lakini kijana anaweza kumaliza masomo, akapata diploma ya serikali, kisha akafika Kampala na kushindwa kuuliza bei ya kitambaa.

Sababu inajulikana. Katika madarasa mengi, Kiingereza kinaandikwa kwenye tablo na kunakiliwa katika daftari. Mtihani wa serikali nao unapima lugha hiyo sana sana kwa maswali ya kuchagua jibu, na mtu anaweza kuchagua jibu bila kufungua mdomo. Hapo ndipo redio, telefone na vyombo vingine vinaweza kusaidia, ikiwa vinatumiwa vizuri.

Lugha ya nne

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo. Inataja pia lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Mtoto wa Butembo anaweza kuzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni. Kwake yeye, Kiingereza ni lugha ya nne, na mara nyingi hakuna mtu wa kumsikia akikizungumza karibu naye. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya lugha hiyo imezidi.

Redio ilitangulia

Kutumia vyombo kufundisha lugha si jambo jipya. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Mwaka 1959, Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi: maneno karibu 1,500 tu, sentensi fupi, na msomaji anayesoma polepole. Kaseti ilipotoka mwaka 1963, ilikuwa rahisi zaidi kwa mwalimu kurudisha sauti nyuma na kusikiliza tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilijaribu njia nyingine katika madarasa ya kwanza ya shule za msingi: redio inayozungumza na wanafunzi. Sauti inauliza swali kwa Kiingereza, kisha inanyamaza sekunde chache. Wanafunzi wanajibu kwa sauti, halafu redio inatoa jibu sahihi. Mwalimu anabaki darasani kuongoza. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Nicaragua katika miaka ya 1970 kwa somo la hesabu.

Jambo la maana pale ni kile kimya cha sekunde chache. Bila hicho, mwanafunzi anakuwa msikilizaji tu.

Nchini Kongo, shule zilipofungwa mwezi wa tatu 2020 juu ya Korona, masomo yalipitishwa kwenye redio, kama vile katika kipindi cha Okapi École cha Radio Okapi. Wazazi wengi waliona faida na pia kasoro: redio inafika mbali na haiombi mega, lakini haisikii kosa la mtoto, na haimngojei yule aliyechelewa kuelewa.

Telefone moja na bafle ndogo

Shule nyingi hazina ordinatere. Lakini mwalimu mara nyingi iko na telefone. Kwa telefone moja na bafle ndogo ya kuchajiwa, darasa zima linaweza kusikia.

Kazi inaanza kabla ya somo. Mwalimu anatafuta mazungumzo mafupi ya dakika moja au mbili, anayapakua pale penye intaneti, au anayapokea kwa Bluetooth ama flashi kutoka kwa mwenzake. Siku ya somo hahitaji mega hata moja. Wanafunzi wanasikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili wanajibu maswali mepesi: nani anazungumza? Anataka nini? Mara ya tatu mwalimu anasimamisha sauti kila sentensi, nao wanairudia. Kisha wanakaa wawili wawili, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi.

Kukaa wawili wawili ni muhimu sana. Somo la dakika 50 katika darasa la wanafunzi 60 halimpi kila mmoja hata dakika moja ya kuzungumza, ikiwa wanazungumza mmoja mmoja. Wakizungumza wawili wawili kwa dakika 10, kila mmoja anapata karibu dakika tano.

Telefone inaweza pia kurekodi. Mwanafunzi akijisikia mwenyewe, anatambua makosa ambayo pengine angekataa akiambiwa.

Vizuizi

Umeme unakosekana, kwa hiyo chaji ifanywe mbele. Mega na bafle vinagharimu. Mara nyingi ni mwalimu anayelipa kwa mfuko wake, na mshahara wenyewe hautoshi. Shule nyingi zinakataza telefone kwa wanafunzi, na prefe wa masomo ana sababu zake. Ndiyo maana telefone moja ya mwalimu inaleta matatizo machache kuliko kuagiza kila mtoto alete yake. Pia, zoezi likitumwa kwa WhatsApp, wale wasio na telefone nyumbani wanabaki nyuma, na mara nyingi ni wasichana, maana telefone ya familia inashikwa na baba au kaka.

Programu za kutafsiri nazo zina hatari. Mwanafunzi anaweza kuleta zoezi zuri ambalo hajaelewa hata neno moja. Dawa ni rahisi: aeleze kwa mdomo alichoandika.

Mwalimu kwanza

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Walimu wengi wa Kiingereza walijifunza wenyewe kwa chaki, na wanaogopa matamshi yao. Mwalimu anayeogopa anarudi kwenye tablo. Kwake, zile rekodi ni mazoezi ya nyumbani kabla ya kuwa somo la darasani. Na si lazima sauti iwe ya London au ya Marekani. Mfanyabiashara wa Kasindi anayezungumza Kiingereza vizuri na Waganda kila siku anaweza kurekodiwa, naye atawafundisha wanafunzi Kiingereza watakachokutana nacho kweli.

Kwa hiyo, kabla kamati ya wazazi kuchanga pesa za kununua ordinatere, iulize kwanza: juma lililopita, kila mtoto alizungumza Kiingereza dakika ngapi? Kama jibu ni sifuri, ordinatere peke yake haitabadilisha jibu hilo.