Nani alimfundisha Chief Anderson kurusha ndege?

Baba alijifunza kuendesha lori akiwa utingo: anakaa pembeni ya dereva, anaangalia mguu, anaangalia mkono. Leseni ilikuja baadaye. Ndiyo maana tulipobishana kwenye kipindi kama mzoefu asiye na cheti anaweza kumfundisha mwenzake urubani, mimi nilisema anaweza, kwa nini asiweze? Tangu siku ile nimesoma kidogo, na sasa sina uhakika kama ule.

Mwaka 1910 Orville Wright alifungua shule ya urubani Montgomery, Alabama. Cheti cha ualimu angekipata kwa nani, wakati ndege yenyewe walibuni yeye na kaka yake? Mwanafunzi wake wa kwanza pale, Walter Brookins, muda si mrefu naye akawa anafundisha wengine. Serikali ya Marekani haikuwa na sheria ya leseni za marubani hadi 1926. Ilipokuja, Orville alitakiwa apewe leseni namba 1. Akaikataa, hakuwa anarusha tena.

Sasa angalia upande wa pili. Bessie Coleman alikataliwa na shule za Marekani kwa sababu ni mwanamke, tena Mweusi. Akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata cheti cha kimataifa mwaka 1921. Yaani serikali ya kwao ilikuwa bado haijaanza hata kudai leseni!

Halafu kuna C. Alfred Anderson wa Pennsylvania, aliyezaliwa 1907. Hakupata wa kumfundisha, basi mwaka 1929 akakopa kwa ndugu na marafiki, akanunua ndege yake mwenyewe. Rubani mmoja mzungu alikuwa na leseni lakini hana ndege, na alitaka kwenda kumwona mama yake. Anderson akamwachia ndege, ila kwa sharti: na mimi nakuja. Akawa anakaa pembeni, anaangalia. Utingo kabisa! Mwaka huohuo akapata leseni.

Lakini hakuishia hapo. Alimtafuta Ernst Buehl, rubani Mjerumani, amfundishe vizuri, na mwaka 1932 akapata leseni ya kubeba abiria. Hapo ndipo mimi nilipobadilika. Kuangalia kulimtosha yeye kujifunza, lakini hakukumtosha kuwashika wengine mkono. Mwanafunzi hawezi kujua kile ambacho mwalimu wake hakijui, na angani huwezi kuegesha pembeni. Kwa hiyo cheti, ndiyo. Ila anayekitoa asiwe na mlango wa watu fulani tu.

Mwaka 1940 Anderson alikwenda Tuskegee, kama kilomita 60 tu kutoka ilipokuwa shule ya Orville, akawa mwalimu mkuu wa vijana Weusi waliokwenda kupigana Vita vya Pili.

Nilipomsimulia Baba yote haya, aliuliza swali moja tu: huyo mzungu aliyekuwa anakwenda kwa mama yake, mafuta alikuwa analipia nani?