Kisu bila rufaa

Vitabu vingi vya historia ya upasuaji wa moyo hupenda Cape Town, Desemba 1967, pale Christiaan Barnard alipompandikizia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Washkansky aliishi siku 18 tu. Barnard akawa maarufu kama nyota wa sinema.

Mimi ningeanzia London, 1925. Daktari Henry Souttar aliingiza kidole ndani ya moyo wa msichana mmoja na kuitanua vali iliyobana. Msichana akapata nafuu. Ungedhani baada ya hapo wagonjwa walipanga foleni, lakini wapi! Madaktari wenzake hawakumpelekea mwingine hata mmoja. Kisu kipo, rufaa hakuna.

Sisi tuliozaliwa Muleba, hii ndiyo historia inayotugusa. Ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, asipotibiwa mwili unapigana na bakteria hao hadi unaziumiza vali za moyo wake mwenyewe. Penisilini ya mapema ingetosha. Lakini nani anampeleka mtoto hospitali kwa sababu ya koo? Miaka inapita, binti anapanda mlima na ndoo ya maji, anahema. Wanasema pumu, wengine wanasema amerogwa. Mara nyingi moyo hujulikana akiwa tayari mjamzito.

Mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji ilimfaa John Gibbon kule Philadelphia mwaka 1953. Muhimbili ikaanza kupasua moyo kwa kuufungua mwaka 2008, yaani miaka 55 baadaye. Kabla ya hapo safari ilikuwa India, kwa wachache waliobahatika. Mwaka 2015 ikaja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na hilo ni jambo kubwa, silibezi. Ila kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na kabla ya basi kuna mlolongo: zahanati, kisha Rubya, Ndolage au Kagondo, kisha Bukoba mjini, pengine Bugando ng'ambo ya ziwa. Kila kituo lazima kiwe na mtu wa kushtuka anaposikia mlio wa vali mbovu na kuandika barua.

Na aliyewekewa vali ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, damu ikipimwa mara kwa mara. Mtu wa Kamachumu, ukimweleza hayo, atakuuliza kwanza nauli.