Bwawa la mchanga: mchanga upi, na bwawa gani?

Katika kaunti za Kitui na Makueni, Ukambani nchini Kenya, kuna mabwawa ambayo mtu huyavuka kwa miguu bila kulowa. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, atakuta ukuta wa mawe na saruji umekatiza mto wa msimu kutoka ukingo huu hadi ule, na nyuma ya ukuta mchanga mtupu, umejaa hadi juu, unang'aa kwa jua. Mbuzi wanaukanyaga na watoto wanaukimbilia. Maji yako chini yake. Wahandisi walikipa kitu hiki jina la maneno mawili kwa Kiingereza, sand dam, na Kiswahili kikalifuata neno kwa neno: bwawa la mchanga. Tafsiri hiyo haina kosa. Ila ikifika Ukambani, ambako mabwawa ya aina hii ni mengi kuliko karibu kila mahali duniani, kila neno kati ya hayo mawili linakutana na maneno mengine yanayolivuta kwingine, na kazi yenyewe inategemea watu wameelewa lipi.

Kwanza kitu chenyewe. Mito mingi ya Ukambani hutiririka kwa siku au wiki chache baada ya mvua, kisha hukauka. Miamba ya nchi hii ni ya kale sana, naisi na graniti, na ikimomonyoka huacha chembe kubwa, ngumu, za mchanga. Mafuriko huzibeba chembe hizo hadi mtoni. Mafundi wakijenga ukuta juu ya mwamba ulio chini ya mto, chembe nzito hukwama nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa ya mvua nafasi yote imejaa. Kati ya chembe na chembe hubaki uwazi, na uwazi huo ndio ghala la maji. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa chembe kubwa huweza kutoa lita 250 hadi 300 hivi, sawa na mitungi 12 hadi 15 ya lita 20. Jua haliyafikii maji hayo. Katika nchi ambayo maji ya wazi yanaweza kupotea kwa mvuke zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, huku mvua ya mabondeni mara nyingi ikiwa nusu ya hiyo au chini, kuyaficha maji chini ya mchanga ni hesabu ya busara. Mchanga huo pia huyachuja.

Kabla ya kuta, watu walikwisha kujua kwamba maji yamo mchangani. Wanawake wa Ukambani wamechimba visima vya mtoni tangu zamani, wakiteka kwa kibuyu maji yanayojikusanya polepole chini ya shimo. Kikamba huita kisima kĩthima. Serikali ya kikoloni ilijenga baadhi ya kuta za mwanzo miaka ya 1950. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni, upande wa Kola, karibu na mpaka wa Makueni ya leo, walianza kuzijenga kwa nguvu za wanakijiji. Kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL, ambalo Profesa Gideon-Cyrus Mutiso ni mmoja wa waasisi wake, limesaidia kujenga mamia ya kuta Kitui. Mtindo ulikuwa karibu uleule: shirika hutoa saruji, nondo na fundi, huku mwethya, yaani kazi ya ushirika ya Wakamba, huleta mawe, maji, mikono na muda.

Sasa neno mchanga. Tuanze na neno kucheka. Mkamba husema kũtheka. Mswahili wa kaskazini, Lamu kwa mfano, husema kuteka. Mchele kwake ni mtele, na mchanga ni mtanga. Ndiyo kusema ch ya Kiunguja, t ya kaskazini na th ya Kikamba na ya Kigikuyu hupokezana nafasi katika maneno ya asili moja. Basi tukitafuta ndugu wa mchanga huko bara hatupati taabu. Kwa Kigikuyu yupo, mũthanga, na maana yake ni ileile, mchanga. Kwa Kikamba pia yupo, mũthanga, herufi kwa herufi sawa na la Kigikuyu. Lakini kwa Mkamba mũthanga ni udongo. Mchanga wenyewe, ule wa mtoni, anauita kĩthangathĩ, neno ambalo nalo limetoka kwenye shina lilelile.

Hapa lugha tatu za jamii moja zimegawana urithi mmoja kwa namna tofauti. Hakuna aliyekosea. Kiswahili kiliukuza mzizi huo ufukweni, ambako ardhi yenyewe ni mchanga. Kikamba kinaishi kwenye vilima vyekundu ambako mtu hulima udongo na kushuka mtoni kuukuta mchanga, kwa hiyo kilihitaji maneno mawili na kikayapata kwa kuliongezea shina lilelile viambishi. Huo ni ufafanuzi wangu wa kubahatisha kuhusu sababu, lakini matokeo yanasikika kila siku kwenye masoko ya miji ya Wote na Kitui.

Kwa mazungumzo ya kawaida, tofauti hii haimsumbui mtu. Wakamba wanakijua Kiswahili vizuri, na hakuna atakayeambiwa alete mchanga wa kujengea akaleta udongo wa shamba. Lakini katika istilahi za maji, tofauti kati ya mchanga na udongo ndiyo tofauti kati ya bwawa linalofanya kazi na bwawa lililokufa. Udongo laini, ule wa chembe zisizoonekana kwa macho, unaweza kushika maji mengi kuliko mchanga ukipimwa kwa ujazo. Shida yake ni kwamba hauyaachi. Ukichukua madebe mawili yaliyotobolewa chini, ukajaza moja mchanga wa mto na jingine udongo wa mfinyanzi, kisha ukayamwagia yote maji hadi yajae, la mchanga litarudisha sehemu kubwa ya maji katika muda mfupi. La udongo litatoa matone na kubaki tope. Ukuta ambao nyuma yake umekusanya tope umejaa, ndiyo, lakini hauna maji ya kuchota.

Ndiyo maana mafundi wa Ukambani hubishana sana kuhusu urefu wa ukuta. Ukijengwa hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, mafuriko ya kwanza hutulia nyuma yake kama kwenye dimbwi, na yanapotulia hata chembe nyepesi huzama. Udongo huingia ndani na kukaa. Ukipandishwa kwa hatua, msimu hadi msimu, maji hubaki na kasi ya kutosha kuubeba udongo juu ya ukuta na kuuacha mchanga mzito peke yake. Mahandaki na matuta ya mashambani juu ya mto nayo husaidia, maana hubakiza udongo shambani. Kwa ufupi, kazi yote ni ya kuutenga mũthanga na kĩthangathĩ. Anayeandika mwongozo kwa Kiswahili kwa ajili ya Kitui akisema tu "mchanga" ameiacha nje habari kubwa kuliko zote. Afadhali aandike "mchanga wa chembe kubwa", na anayemfasiria kwa Kikamba asishawishiwe na ufanano wa sauti.

Kuhusu matuta, lipo jambo la kufurahisha. Mtindo wa kuchimba handaki kwenye mteremko na kuutupa udongo upande wa juu ili utengeneze tuta ulienea sana katika vilima vya Ukambani, na jina lake katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, hata vinavyohusu Ethiopia, ni fanya juu. Wataalamu wa ng'ambo waliliacha lilivyo. Maneno hayo mawili hayana sura ya istilahi. Yana sura ya maelekezo ya mtu aliyesimama shambani akinyoosha kidole kuonyesha udongo uende wapi. Mswahili asiye mkulima akiyasikia peke yake hataelewa chochote. Yamekuwa istilahi kwa sababu walioyatumia walikuwa na majembe mikononi, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi ya kamusi.

Neno bwawa lina safari nyingine. Kwa Kiswahili, bwawa ni maji. Ni maji yaliyotuama mahali, yawe ya asili au ya kutengenezwa. Hoteli ya Bwawani mjini Zanzibar ilijengwa mahali pa kinamasi, na bwawa la kuogelea halina ukuta wowote wa kuzuia mto. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri kwa bwawa, dam, kwa asili yake katika lugha za Kijerumaniki linahusu kizuizi: Amsterdam ni mji wa ukuta uliozuia mto Amstel. Lilipofika kusini mwa Afrika likahama kwenye maji, na kwa Kiafrikaans dam ni maji yenyewe. Kenya ya kikoloni ilipokea Kiingereza cha walowezi waliolitumia neno hilo kwa maana zote mbili, ndiyo maana hata leo Mkenya akisema kwa Kiingereza kwamba dam imekauka, hakuna anayedhani ni saruji iliyokauka.

Kwenye bwawa la kawaida mchanganyiko huu hauna madhara. Bwawa kubwa la Thwake huko Makueni, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka wa 2018, lina ukuta unaoonekana na ni la maji ya kuonekana, na mtu anaweza kuliita bwawa akimaanisha lolote kati ya hayo. Lambo la kunyweshea ng'ombe, ambalo Wakamba huliita silanga, ni shimo lenye maji na tuta la udongo, jina linatosha. Neno hilo silanga linasikika hata Nairobi, na mtaa wa Silanga huko Kibera umekaa kando ya bwawa la Nairobi. Lakini bwawa la mchanga halina maji ya kuonekana. Anayelisikia kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili hungojea maji, na akifika akakuta mchanga mkavu juu, atasema mradi umeharibika. Au atasema limejaa na linahitaji kusafishwa. Bwawa la kawaida kama lile la Masinga likijaa mchanga ni hasara kwa taifa zima, na hapa kujaa ndiko kufaulu kwenyewe.

Kwa hiyo mimi ningependa tugawe istilahi. Kinachojengwa kiitwe ukuta, na mikataba ya ujenzi itaje ukuta. Kinachokusanyika kiitwe mchanga, kwa Kikamba kĩthangathĩ. Jina bwawa la mchanga libaki kwa mkusanyiko wote wa ukuta, mchanga na maji, kwa sababu limekwisha kuzoeleka na hakuna la kulishinda. Mabwawa ya tuta yaitwe bwawa la udongo au lambo. Hapo mtu hatachanganya bwawa la mchanga na lile la udongo, ambako mzizi wa mũthanga ungeweza kumpeleka.

Mgawanyo huu una uzito mkubwa zaidi kwenye sheria. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, baada ya malori kuingia mitoni kwa miaka mingi kubeba mchanga wa majengo ya Nairobi na miji mingine. Dereva huona mzigo wa kuuza. Mama anayechota kwenye kĩthima cha mtoni huona kitu kingine, na hesabu iko upande wake: lori la tani saba hubeba zaidi ya mita nne za ujazo, yaani nafasi ya zaidi ya lita 1,000 za maji. Maji yale huenda hayakuwamo siku ile. Nafasi yake imekwenda hata hivyo, na mvua zijazo zitapita bila kukuta pa kukaa, hadi mafuriko yalete mchanga mwingine.

Kamati za mabwawa hujiwekea kanuni zao pia, na kanuni hizo huzungumzwa kwa Kikamba, huandikwa kwa Kiswahili na hupelekwa ofisini kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, kifungu kinachokataza kutoa mchanga mtoni kinaweza kurudi kwa Kikamba kikisema mũthanga. Kikirudi hivyo, kinalinda kingo za mto na udongo wa shamba lililo karibu, jambo jema, lakini kwa maneno yake yalivyo kĩthangathĩ hakimo. Wakili wa mwenye lori hahitaji zaidi ya hapo.