Anwani ya Kupanga na Anwani ya Kumiliki

Watu wengi huamini kwamba anwani ya IP ya kudumu ni bora kwa asili, na ile inayobadilika ni ya daraja la chini. Lakini namba ni zile zile. Kinachozitenganisha ni historia ya mgao: nani alifika mapema, na nani alikuta ghala limepungua. Kanuni za IP zilizochapishwa Septemba 1981 ziliipa kila anwani biti 32, yaani jumla ya anwani bilioni 4.3 hivi. Kompyuta za siku zile zilikuwa mitambo mizito iliyokaa chumba kimoja miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo kuipa kila moja namba yake ya kudumu kulikuwa jambo la kawaida kabisa. Chuo cha MIT peke yake kilipewa fungu zima linaloanza na 18, lenye namba zaidi ya milioni 16.

Kisha kompyuta zikawa nyingi, zikaanza kuhamahama. Oktoba 1993 zikachapishwa kanuni za DHCP, kazi ya Ralph Droms, zilizoleta utaratibu wa kupanga. Kompyuta inapowashwa haimjui mtu, hivyo hupaza sauti kwa mtandao mzima: nani anagawa anwani? Seva hujibu kwa kupendekeza namba, kompyuta huiomba rasmi, seva huikubalia kwa muda maalumu. Kwa kawaida nusu ya muda huo ikipita, mpangaji huomba kuongezewa. Akiondoka, namba hurudi kwa mwenye nyumba na kupewa mwingine. Huo ni ubunifu mkubwa, wala si huduma duni: uliwaondolea mafundi kazi ya kuandika namba mashine kwa mashine, na makosa yake.

Wapo wanaosema kwamba kubadilika huku kunamlinda mtumiaji asifuatiliwe. Ni kweli kwa kiasi kidogo tu, maana kampuni ya intaneti inaweza kuweka kumbukumbu za nani alipewa namba ipi na saa ngapi. Hasara ni nzito zaidi: anayetaka kuendesha seva yake, au kuona kamera za dukani akiwa mbali, anahitaji anwani isiyohama. Na katika kupata anwani za kutosha za kumiliki, Afrika ilichelewa. AFRINIC, msajili wa anwani wa bara letu aliyeko Mauritius, alitambuliwa mwaka 2005. Akiba kuu ya dunia ilipogawiwa mara ya mwisho, Februari 2011, kila kanda kati ya 5 ilipata fungu moja. La Afrika nzima lilikuwa na ukubwa ule ule wa lile la MIT.

Mtu atasema IPv6, toleo jipya la anwani lenye biti 128, imekwisha kumaliza uhaba huo. Imeumaliza kwenye karatasi tangu 1995, lakini haimfai mteja ambaye kampuni yake haijaiwasha. Ukitajiwa bei ya anwani ya kudumu kwa ofisi yako, uliza kwanza kama IPv6 ipo.